Re: Nimegonga mwamba mita 3, nianze msingi wa ghorofa 8?

Mkuu, umesema kiwanja chako hapo mjini Mwanza kimebanwa na majengo mawili ya zamani, umechimba mita 3 ukagonga jiwe, na fundi anasema mwaga zege hapo hapo. Usimwage kwanza.

Mawe yetu huku ni granaiti, inaoza kwa kufuata nyufa zake, kwa hiyo unaweza kukuta bonge la jiwe limekaa tu juu ya udongo, si mwamba wenyewe. Kuna saiti tulikuwa na jiwe ukubwa wa daladala, wote tumeshaamini ni mwamba, kijiko kikalisukuma kidogo likacheza! Sasa weka ghorofa 8 hapo. Na hata likiwa mwamba kweli, nguzo za huku zikikaa kwenye jiwe na za kule kwenye udongo, upande mmoja unazama mwingine umegoma, jengo linapasuka.

Ita wapima udongo watoboe sehemu kadhaa, wakifika kwenye jiwe waendelee mita 3 hadi 5 ndani yake, sampuli uzione kwa macho yako.

Kama jiwe inabidi livunjwe, baruti sahau. Toboa matundu ujaze ile simenti ya kupasulia mawe, inavimba taratibu inalichana kimya kimya. Chini ya ukuta wa jirani injinia akupangie kuchimba kwa vipande vifupi, kama mita moja moja, ukijaza zege ikakaza ndo unahamia kingine. Na pampu ya kutoa maji shimoni ikianza kutoa maji ya tope simamisha, unamnyonya jirani udongo wa chini ya msingi wake.

Nyufa za kuta za jirani zote zipige picha leo, kesho atasema ni zako.