Maswali Yenu: Kipimo cha Karatasi na Nta

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili fani ya maabara. Nasikia eti mtu anaweza kutengeneza kipimo cha mkojo kwa karatasi ya kuchujia na nta tu. Hivi kimiminika kinatembeaje humo bila pampu? Na karatasi iwe ya aina gani?

Jibu: Marahaba mwanangu, umesikia sawa kabisa. Chovya ncha ya karatasi kwenye maji yenye rangi, utayaona yanapanda yenyewe, basi pampu yako ndo hiyo. Nafasi ndogondogo kati ya nyuzi zinavuta maji, na nta kazi yake ni kuziba kule usikotaka yapite. Ukiacha njia moja inayogawanyika matawi matatu, tone moja la mkojo linajigawa, huku unapima sukari, kule protini, tawi la tatu unaliacha bila dawa ya kubadili rangi ili ulinganishe. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilichapisha kipimo cha namna hiyo cha glukosi (ndiyo sukari ya mwilini) na protini, ila wao mipaka waliitengeneza kwa kemikali inayogandishwa na mwanga, mambo ya gharama. Nta imekuja baada ya hapo, na kwa kweli nta ndo imetufungulia mlango sisi tusio na maabara kubwa.

Karatasi tafuta ya kuchujia ya Whatman namba 1, ni selulosi tupu, yaani nyuzi za mimea, unene kama milimita 0.18. Ya daftari achana nayo, imewekewa vitu vya kuzuia wino usisambae kwahiyo tone litakaa juu tu linakuangalia. Na usichore njia ndefu kwa kupenda urembo, maana urefu ukiwa mara mbili muda wa kufika unakuwa kama mara nne, na huku maji yanakauka njiani.

Swali: Mwalimu, nimechora mistari kwa mshumaa nikapiga pasi, lakini nikiweka tone linavuja nje ya mstari. Nimerudia mara tano nimechoka. Nakosea wapi?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, hapa karibu wote tunapita. Geuza karatasi uangalie mgongoni. Mimi yangu ya kwanza mbele ilikuwa safi inapendeza, kugeuza nikakuta mstari umekatikakatika, kuna vitundu vyeupe kama vimechomwa na sindano, maji yalikuwa yanapita humo humo. Nta ikikaa juu tu haizuii kitu, lazima iyeyuke izame unene wote mpaka mgongoni uone mstari umekamilika, wa rangi moja.

Kwenye maabara wanaweka juu ya sahani ya moto kama nyuzi 150 kwa dakika mbili hivi. Ukitumia pasi zima mvuke, laza karatasi yako katikati ya karatasi mbili safi halafu gandamiza, inua, gandamiza, usiiburute kama unanyoosha shati maana utasambaza nta mpaka ndani ya njia. Halafu jua kwamba nta ikizama inatanuka na pembeni pia, mstari wa milimita 0.3 unaweza kufika karibu 0.85, kwahiyo njia ichore pana kuliko unavyoitaka, mimi kwa mkono sishuki chini ya milimita 3. Ikipoa bandika selotepu chini yote. Kama bado inavuja angalia unachoweka, maji yenye sabuni au spiriti yanapenya nta hata ukiichora vizuri vipi.

Swali: Mimi ni muuguzi. Nikitengeneza vya sukari nikasoma rangi kwa kamera ya simu, naweza kupimia wagonjwa?

Jibu: Dada, wagonjwa hapana, na naomba unielewe vizuri hapa. Dawa yenyewe ni vimeng'enya viwili (protini zinazoharakisha kemia) pamoja na iodidi ya potasiamu, glukosi ikifika inazalisha peroksidi ya hidrojeni, na hiyo inaigeuza iodidi kuwa iodini, unaona rangi ya kahawia. Sasa mgonjwa aliyemeza vitamini C nyingi rangi yake inafifia na sukari ipo, na kikopo kilichooshwa kwa klorini kinaweza kukupa kahawia bila sukari yoyote. Joto na unyevu navyo vinaua vimeng'enya taratibu, karatasi kwa macho inaonekana nzima kumbe imeshakufa. Mtu akiambiwa hana sukari kumbe anayo, hiyo ni hatari kubwa. Mpaka vilinganishwe na kipimo kinachokubalika, kwa sampuli nyingi, na wenye mamlaka wapitishe, hivyo ni vya kujifunzia.

Lakini jifunze, tena nakuomba ujifunze! Kamera inadanganywa na mwanga, kwahiyo kwenye karatasi hiyohiyo weka matone ya viwango, yaani maji yenye kiasi cha sukari unachokijua, upige picha moja vyote vikiwa pamoja, muda uleule tangu uweke tone. Rangi ikikimbilia ukingoni ikaacha katikati peupe usisome ukingo peke yake, chukua wastani wa duara zima. Na viwango vyako vitengeneze kwa glukosi, sio sukari ya mezani, ile ni sukrosi, kimeng'enya hakiitambui, utakaa unasubiri kahawia mpaka jioni.