Haki za Msingi na Haki Nyingine za Kikatiba

SWALI: Mhariri, tulipokuwa tukijadili katiba darasani, mwenzangu alisema kwamba haki ya kumiliki mali imo katika Katiba ya India lakini si haki ya msingi. Mimi nilidhani kila haki iliyomo katika katiba ni ya msingi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Katiba nyingi hutenga sura maalumu ya haki za msingi, huku haki nyingine zikiwa zimetawanyika katika sura za uchaguzi, kodi au utumishi wa umma. Zote ni za kikatiba, na bunge halina ruhusa ya kuzivunja kwa sheria ya kawaida. Kinachozitenganisha hasa ni njia ya kuzidai.

Nchini India, haki za msingi zimo katika Sehemu ya Tatu ya Katiba, na Ibara ya 32 inampa anayedai kuvunjiwa mojawapo haki ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Mali nayo ilikuwa na kinga hiyo. Hata hivyo, baada ya mivutano mirefu kati ya serikali na mahakama, iliyoanza miaka ya 1950, kuhusu ardhi ya mamwinyi na fidia yake, Marekebisho ya 44 ya mwaka 1978 yaliiondoa haki hiyo katika Sehemu ya Tatu na kuiweka katika Ibara ya 300A, isemayo kwamba mtu hatanyang'anywa mali yake isipokuwa kwa mamlaka ya sheria. Kwa hiyo mkulima ambaye shamba lake limetwaliwa na serikali bila sheria yoyote hawezi tena kuitegemea Ibara ya 32 kwa dai la mali peke yake. Atafungua shauri Mahakama Kuu ya jimbo lake kwa Ibara ya 226, ambayo inaiwezesha mahakama hiyo kutoa amri si kwa haki za msingi tu, bali pia kwa madhumuni mengine. Akishinda, amri atakayopewa ina nguvu kamili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziita haki hizi za daraja la pili. Ibara ya 265, inayokataza kutoza kodi bila mamlaka ya sheria, iko nje ya Sehemu ya Tatu, lakini sijui mlipakodi atakayeiona ndogo.

Ujerumani imeipunguza tofauti hiyo: haki ya kupiga kura iko katika Ibara ya 38, nje ya ibara 19 za mwanzo zenye haki za msingi, ila mwananchi anaruhusiwa kuipeleka Mahakama ya Katiba kama zile nyingine. Kenya nayo imeongeza kinga ya aina nyingine, kwani Ibara ya 255 inataka kura ya maoni kabla ya kubadilisha Sura ya Nne, yenye haki za msingi.

SWALI: Je, asiye raia anazo haki za msingi?

JIBU: Anazo, ingawa si zote. Tukibaki India, Ibara ya 21 kuhusu uhai na uhuru wa mtu inamlinda kila mtu aliyemo nchini, ilhali uhuru wa kujieleza katika Ibara ya 19 umetengewa raia.