Hundi tatu, benki mstari mmoja: kwa nini mauzo yako yamejirudia

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kwa nini ripoti ya mauzo imevimba kuliko pesa uliyonayo, na kwa nini mteja aliyekwisha kukupa hundi bado anasomeka anadaiwa. Chanzo ni kimoja. Nimeshika vitabu vya biashara ndogondogo kwa miaka sasa, na hali hiyo mara nyingi huja hivi: ankara imetolewa, programu ya uhasibu imeshahesabu mauzo, pesa ikiingia benki, mtu anaiandika tena kama mauzo mapya. Mauzo yanakuwa mawili na ankara inabaki wazi.

Hundi ya mteja mwenye ankara ni malipo ya deni, basi. Nenda kwenye sehemu ya kupokea malipo, mchague mteja, weka tiki kwenye ankara anayolipia. Tarehe iwe ya siku uliyopokea hundi, njia ya malipo iwe hundi, na namba ya hundi uiandike kwenye kisanduku cha rejea. Wengi hukiacha kitupu. Siku mteja akikwambia "hiyo nilishalipa", namba ndiyo itakayomaliza ubishi.

Sasa sehemu inayowachanganya watu. Programu itakuuliza pesa inaingia akaunti gani. Usichague benki moja kwa moja kama huwa unakusanya hundi kadhaa ndipo uzipeleke. QuickBooks na programu nyingine za uhasibu zina akaunti ya kati ya pesa iliyopokelewa ambayo haijafika benki. Yako ikiwa haina, ifungue mwenyewe kwenye kundi la mali za muda mfupi. Tuseme una hundi za 120,000, 85,000 na 240,000. Ukizipeleka kwa pamoja, taarifa ya benki itaonyesha mstari mmoja wa 445,000. Ukiwa umeziandika benki moja moja, mwisho wa mwezi utatafuta 445,000 kwenye vitabu na hutaiona. Kwa hiyo siku ya kupeleka, fungua sehemu ya kuweka benki, chagua hizo tatu, na jumla ilingane na karatasi uliyojaza benki. Moja ikibaki droo, isiwekewe tiki.

Kama umeunganisha programu na benki, hapo kuna mtego mwingine. Ile 445,000 itashuka yenyewe na programu inaweza kupendekeza iingizwe kama mapato. Kataa. Ioanishe na uwekaji ulioandika tayari.

Hundi moja ikilipa ankara nyingi, andika pokeo moja na ugawe kiasi ndani yake. Akilipa pungufu, andika alicholeta, salio libaki likidaiwa. Akizidisha, ziada ikae kwa jina lake hadi ankara ijayo. Usiiongeze ankara ya zamani ili hesabu zikae sawa, maana hapo unatengeneza mauzo hewa. Hundi ya tarehe ya mbele mimi siigusi kwenye programu hadi tarehe ifike. Naiandika pembeni na kuifungia.

Hundi ikirudi, usifute malipo. Benki itaonyesha pesa imeingia kisha imetoka, na vitabu vionyeshe hivyohivyo: siku iliyorudishwa, punguza benki na deni lirudi kwenye jina la mteja. Makato ya benki ni gharama. Ukitaka mteja ayabebe, mwandikie ankara yake peke yake. Mauzo hayaguswi, bidhaa ilishatoka.

Kuhusu yaliyokwisha kuharibika, usianze kufuta miamala, hasa kama miezi hiyo ulishaisuluhisha na benki, yaani ulishalinganisha vitabu na taarifa ya benki. Fungua ule uwekaji ulioandikwa mauzo, badilisha akaunti kutoka mauzo kwenda wadaiwa (akaunti ya pesa unazowadai wateja), weka jina la mteja, kisha nenda kwenye kupokea malipo uuoanishe na ankara iliyo wazi. Kiasi na tarehe vibaki vilevile ili usuluhishi wako usivurugike. Isipokuwa kama ripoti za kipindi hicho zilishatumika kulipia kodi: hapo subiri kwanza, umwone mhasibu wako, kwa sababu ukipunguza mauzo, hesabu za kodi uliyokwisha kuwasilisha nazo zinabadilika.