Mi namchagua Clara Peeters

Wiki hii mmeuliza ni mchoraji gani aliyejificha vizuri kuliko wote ndani ya picha yake mwenyewe. Najua wengi watamtaja Velázquez, yule mchoraji wa Hispania, lakini jamani, huyo kajificha wapi? Kwenye picha yake ya Las Meninas ya 1656 kasimama na brashi mkononi anakutazama kabisa, na kifuani ana msalaba mwekundu wa Santiago, alama ya chama cha mashujaa wa Hispania, uliokuja kuongezwa baadaye maana cheo chenyewe alikipata 1659. Huko ni kujitangaza bwana. Michelangelo angalau, ile ngozi iliyochunwa aliyoishika mtume Bartolomayo kwenye picha yake ya Hukumu ya Mwisho, kanisa la Sistine huko Vatican, wanasema ina sura yake, na kujichora ngozi tupu siku ya hukumu kunataka roho ngumu.

Ila mi namchagua Clara Peeters, aliyefanya kazi Antwerp, Ubelgiji ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1600. Huyu anachora meza tu, jibini, lozi, samaki, maua, vikombe vya watu wenye hela zao, yaani picha ambazo unapita hivi hivi. Sasa itafute ile ya 1612 iliyoko Karlsruhe, Ujerumani, uikuze kwenye simu mpaka mwisho, angalia kile kikombe cha dhahabu chenye vinundu vinundu. Kwenye vinundu kuna mwanamke mdogo kama punje ya mchele, ndo yeye huyo, na wataalamu wamemhesabu humo angalau mara sita!

Kuna watakaosema aah, chuma kikisuguliwa lazima kimuonyeshe aliye mbele yake. Kweli kabisa, kitu kinachong'aa kilichobinuka kinameza chumba kizima, dirisha, meza na mtu. Lakini brashi sio kamera, hakuna kinachoingia kwenye picha bila mchoraji kukiweka, angetaka angebakiza mwanga wa dirisha peke yake na yeye akajitoa, wala hakuna ambaye angestuka. Kaamua kubaki, tena sita.

Na kilichonimaliza mimi ni kwamba maisha yake hayajulikani karibu kabisa, kazi zake zinazojulikana ni kama 40 tu, kwa hiyo visura hivyo vidogo vinabeba mzigo mkubwa. Prado ya Madrid, jumba la makumbusho ya sanaa lililofunguliwa tangu 1819, ilikaa mpaka 2016 ndo ikamfanyia maonyesho yake, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake pale. 2016! Halafu tunashangaa kwa nini hatumjui.

Kama hamna muda wa kutafuta nyingi basi angalieni ile ya jibini na lozi iliyoko Mauritshuis, jumba la makumbusho la The Hague, Uholanzi. Uso uko kwenye kifuniko cha jagi, na jina lake kaliandika kwenye mpini wa kisu, utadhani sonara ndo kalichonga.