Kahawa baridi ya Kithai yenye iliki: ushauri kwa anayeanza kuitengeneza nyumbani

Anayeanza kutengeneza kahawa baridi ya Kithai huuliza kwanza habari za maziwa na viungo, ilhali kinachoamua kama atapata kinywaji chenye ladha au maji yenye rangi ni barafu. Gramu moja ya barafu, ili iyeyuke, huchukua joto linalotosha kupoza gramu moja ya maji kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Maana yake ni kwamba mililita 130 za kahawa ya moto zikimiminwa juu ya barafu zitayeyusha takriban kiasi kilekile cha barafu kabla hazijapoa kabisa, na glasi itabaki na kahawa nusu na maji nusu. Wauzaji wa Yaowarat, mtaa wa Wachina mjini Bangkok, huipika kahawa yao nzito na chungu mno kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usiionje kahawa ya namna hii ikiwa moto na kuihukumu. Ikikupendeza wakati huo, basi ni nyepesi mno.

Msingi wa kinywaji hiki ni oliang, kahawa nyeusi yenye sukari na barafu iliyoenezwa na wahamiaji wa Kichina wa jamii ya Wateochew, na buni yake kwa kawaida ni robusta, ambayo nchini Thailand hulimwa hasa kusini, katika mikoa ya Chumphon na Ranong. Robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika, ni chungu zaidi, na haina uchachu mwingi, hivyo haimezwi na maziwa wala sukari. Arabika ya milima ya kaskazini, ambako mradi wa kifalme ulioanza mwaka 1969 uliwahimiza wakulima kuacha kulima kasumba, yaani afyuni, na kupanda mazao mengine, ni nzuri kwa kunywewa peke yake, lakini kuizamisha ndani ya maziwa ya kopo ni kuipoteza. Msomaji aliye Afrika Mashariki hana haja ya kuagiza chochote kutoka mbali, kwa kuwa robusta ya Kagera au ya Uganda inafaa kabisa, mradi imekaangwa hadi ikawa nyeusi. Kahawa ya kukoroga haifai.

Unga wa oliang si wa kahawa tupu. Wachanganyaji huongeza mahindi, soya na ufuta vilivyokaangwa, na nafaka hizo ndizo zinazotoa ile harufu ya kuungua kidogo ambayo mtu akiikosa husema kahawa si ya Kithai. Kwa kuanzia, chukua gramu 40 za kahawa, na gramu 10 za nafaka kwa jumla, ufuta ukiwa ndio kidogo kuliko vyote. Kaanga kila kimoja peke yake katika kikaango kikavu, kwa maana punje ya ufuta huungua wakati punje ya hindi haijabadilika hata rangi. Kisha viache vipoe kabla ya kuvisaga. Ufuta una mafuta na huziba mashine ya kusagia kahawa, hivyo ninashauri uutwange kwa kinu na mchi. Kabla ya kumkaribisha mgeni, mwambie kwamba ndani mna soya na ufuta, kwani wapo watu ambao miili yao haivumilii vitu hivyo, na hakuna anayetarajia kuvikuta ndani ya kahawa.

Kuhusu iliki, anayeizoea kahawa ya mwambao atajiona yuko nyumbani, lakini ajue kwamba si kila glasi inayouzwa Bangkok ina kiungo hicho. Mapishi ya nyumbani na ya migahawa ya Kithai iliyo ng'ambo ndiyo yanayoitumia zaidi. Iliki nne au tano zinatosha kwa kahawa iliyotajwa hapo juu. Zipasue tu, usizisage, kwa sababu unga wa iliki hupenya kitambaa na kuacha ukali unaokaa kooni. Mdalasini na karafuu unaweza kuvijaribu ukishaizoea iliki, ingawa kwa maoni yangu karafuu hutawala kila kitu.

Thailand kahawa hii huchujwa kwa mfuko mrefu wa pamba wenye mpini wa waya. Ukiukosa, shona mfuko wa kitambaa cha marekani na uuchemshe mara kadhaa kabla ya kuutumia, ili wanga wa kiwandani utoke. Tia unga na iliki ndani yake, uning'inize katika birika, kisha mimina mililita 500 za maji yaliyotoka kuchemka na kutulia kidogo. Acha dakika sita au saba, inua mfuko, na umimine kahawa tena kupitia mfuko huo mara mbili au tatu kati ya vyombo viwili. Usiukamue, maana ukikamua unatoa mashapo na uchungu usiotakiwa. Unga utabaki na maji yanayokaribia mililita 100, hivyo utapata kahawa ya glasi tatu. Mfuko huoshwa kwa maji matupu, kwani sabuni hunasa katika nyuzi na kujitokeza katika birika linalofuata.

Sukari na maziwa mazito yenye sukari vitiwe kahawa ikiwa ingali moto, vijiko viwili vya chakula vya maziwa hayo kwa kila glasi, kwani yakikutana na kahawa baridi huganda chini na hayakorogeki vizuri. Karibu nusu ya maziwa hayo ni sukari, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza nyingine. Baada ya kukoroga, subiri kahawa ifikie joto la chumba. Kwa kusubiri huko, kiasi cha barafu kitakachoyeyuka hupungua hadi chini ya nusu.

Jaza glasi barafu hadi juu, mapande makubwa badala ya iliyopondwa, mimina kahawa, ukiacha nafasi ya vidole viwili, halafu teremsha maziwa ya kopo yasiyo na sukari juu ya mgongo wa kijiko ili yashuke polepole. Kahawa iliyobaki bila maziwa, ikishatolewa iliki, hukaa siku mbili katika friji. Sehemu yake igandishe katika trei ya barafu. Mapande hayo yakiyeyuka ndani ya glasi hayaongezi maji matupu, na hapo unaweza kupunguza unga wa kahawa kidogo katika birika linalofuata.