Kagua Chupa Kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maabara kwenye dawa za kulevya za kusisimua, kabla hamjamgusa panya hata mmoja someni kisa cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Septemba 2002, kundi la mtafiti wa chuo hicho, George Ricaurte, lilichapisha katika jarida la Science kwamba kima na nyani waliopewa dozi tatu za MDMA, yaani ekstasi, kila baada ya saa tatu, waliharibika vibaya neva za dopamini, kemikali ambayo neva za ubongo huitumia kupashana habari. Wawili walikufa. Habari ikaenea duniani. Kisha watafiti hao hao wakarudia jaribio, wasiyaone madhara yale. Walipopima bongo za wanyama waliokufa, zilizokuwa zimegandishwa, wakakuta methamfetamini, dawa nyingine ya kusisimua; MDMA haikuwemo. Lebo za chupa zilikuwa zimebadilishana. Septemba 2003 wakaifuta makala yao wenyewe, na kwa hilo nawaheshimu.

Ndiyo maana chupa mpya ikiingia kwangu haitumiki mpaka sampuli yake ipite kwenye kromatografia, kipimo kinachotenganisha kemikali ili kujua ni ipi iliyomo. Inachosha, tena ni ghali. Fanyeni hivyo hivyo.

Halafu kuna joto. Methamfetamini huitoa dopamini kwenye vifuko vyake ndani ya ncha ya neva. Ikishamwagika humo huoksidika na kuzaa kemikali zinazoiunguza ncha yenyewe. Mwili ukipanda joto, uharibifu huzidi. Panya akiwa kwenye chumba cha baridi, dozi ile ile inaweza isimdhuru sana. Kwetu Dar es Salaam, umeme ukikatika mchana wa Februari na kiyoyozi kikazima, jaribio la siku hiyo si lile mlilolipanga. Pimeni joto la kila panya, mliandike pamoja na saa. Andikeni pia wangapi wanakaa kasha moja, maana tangu miaka ya 1940 inajulikana kwamba amfetamini, ndugu ya methamfetamini, huwaua kwa urahisi zaidi panya waliorundikwa pamoja.

Wala msikimbilie kutangaza kwamba neva zimekufa. Kipande cha ubongo kikitiwa rangi inayonasa kimeng'enya cha kutengeneza dopamini, striata, yaani sehemu ya ndani ya ubongo yenye ncha nyingi za neva za dopamini, ya panya mzima hutoka na hudhurungi iliyokolea. Ya aliyedhurika hupauka, hata ukadhani kuna hatua imerukwa. Lakini neva inaweza kupunguza kimeng'enya hicho bila kufa. Ongezeni rangi inayotengenezwa kwa madini ya fedha, inayoonyesha neva zinazooza.

Nje ya maabara jambo hili lina watu wake. Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake walionyesha kwamba watu 5 walioacha methamfetamini kwa mwaka mmoja na zaidi walirudisha sehemu ya visafirishi vya dopamini, yaani protini zinazoirudisha dopamini ndani ya neva, ingawa kumbukumbu na wepesi wa viungo havikufuata kwa kiwango hicho. Mama mwenye kijana anayepambana kuacha akiwauliza kama ubongo wa mwanawe ndiyo basi tena, msimjibu kwa picha ya panya wenu. Mwelezeni habari za hao walioacha, yaliyorudi na yaliyochelewa.