Mwalimu kasema nisijisumbue, kweli hatajua kusoma?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kijana wangu wa miaka 7 ana sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomchelewesha kujifunza na kuongea, yuko darasa la kwanza. Kila siku wanaimbishwa ba be bi bo bu na yeye anaimba na wenzie fresh tu, ila mwonyeshe hiyo "be" peke yake anabaki anakutolea macho. Mwalimu wake kaniambia nisijisumbue. Kuongea kwenyewe bado maneno machache. Nimwache tu? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Usimwache. Hiyo "be" kwake haina maana yoyote, na wengi wa watoto hawa wanashika kwa macho kuliko kwa kusikia, sisi tunawaimbisha wee halafu tunashangaa.

Anza na neno zima la kitu anachokipenda. Kata boksi, andika kwa maka peni: mama, chai, mpira, na jina lake. Siku za kwanza usimuulize "hii nini", mpe tu kadi mbili na pacha zake aweke zinazofanana. Akizoea mwambie nipe chai. Kusoma mwenyewe ndo mwisho, na akinyooshea kidole kadi sahihi hata kama mdomo haujatamka, huyo kasoma. Dakika 5 hadi 10 inatosha, akichoka acheni.

Kiswahili nacho kinatubeba, kadi moja "anakula" tayari ni sentensi, weka "baba" mbele na picha ya baba yake na ugali wake uone atakavyocheka.

Usisubiri aongee kwanza, neno lililoponyoka sikioni analiona kwenye kadi na ndo linamsaidia kuongea. Huko Uingereza baba mmoja, Leslie Duffen, alimfundisha hivi bintiye Sarah tangu mdogo kabisa, barua yake ndo ikamfanya mwanasaikolojia Sue Buckley wa mji wa Portsmouth aanze utafiti wa kusoma kwa watoto hawa mwaka 1980.

Silabi zitakuja akishakuwa na maneno ya kutosha. Hapo chukua mkasi kata kadi ya "maji", ma huku ji kule, ma ileile ya mama.

Halafu masikio alishapimwa? Wengi wanajaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, yanakuja yanaondoka, leo anasikia kesho hasikii, mnasema mkaidi. Macho pia. Na mwalimu usigombane naye, mpelekee hizo kadi na umwombe amkalishe mbele.